Samadi na Tope la Majitaka Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina mbili. Kuna mwenye rundo la samadi nyuma ya banda asiyejua aanzie wapi, na kuna aliyeambiwa kwamba mtambo wa majitaka unagawa tope bure, moyo ukasita. Wote wawili wana haki ya kusita kidogo. Samadi inadai subira. Tope linadai karatasi ya maabara. Ukivichanganya viwili hivi, ukalisubiria tope au ukaitafutia samadi cheti huku unaimwaga mbichi, ndipo matatizo huanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Samadi ni kinyesi tu, au kuna zaidi?

Kuna zaidi. Samadi ni kinyesi, mkojo na matandiko ya banda: majani makavu, maranda, mabaki ya malisho. Watu huhangaika na kinyesi wakausahau mkojo, na mkojo ndio wenye sehemu kubwa ya potasiamu na sehemu nzuri ya naitrojeni. Banda lisilo na matandiko, mkojo ukapotelea chini, linakuachia nusu tu ya ulichokuwa nacho. Ongeza majani makavu chini ya mifugo. Yatanyonya mkojo, nawe utaukuta kwenye rundo.

Mboji ni kitu kingine. Ni samadi au mabaki ya mimea yaliyokwisha kuoza hadi hayatambuliki yalikuwa nini. Nalo tope la majitaka ni yale mazito yanayobaki mtambo unapoyasafisha maji machafu ya mji. Hilo lina sehemu yake, kuanzia swali la 12.

2. Inatoa nini ambacho mbolea ya viwandani haitoi?

Inajenga udongo. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba liitwalo Broadbalk ambalo limekuwa chini ya majaribio tangu 1843. Kipande kimoja hupata tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka, na udongo wake leo una kaboni zaidi ya maradufu ya kipande kisichowekewa kitu. Shamba jirani, Hoosfield, lina kipande kilichopewa samadi kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya karne imepita, na udongo wa kipande hicho bado unaonyesha tofauti. Hakuna gunia la chumvichumvi linaloweza kukufanyia hivyo.

Udongo wenye kaboni nyingi hushika maji, haugandamani kirahisi, na minyoo ya ardhi huukimbilia. Lakini tusidanganyane: kwa chakula cha mmea, kilo kwa kilo, samadi ni hafifu. Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46. Samadi mbichi ya ng'ombe ina karibu nusu asilimia. Anayetaka mavuno makubwa mwaka uleule kwenye udongo uliochoka atahitaji vyote viwili, na hakuna aibu katika hilo.

3. Ya mnyama gani ina nguvu zaidi?

Ya kuku. Kuku hana njia mbili. Mkojo na kinyesi hutoka pamoja, ndiyo maana ikiwa mbichi huwa na naitrojeni ya asilimia 1 hadi 1.5, na ikikauka hupanda zaidi. Ya mbuzi na kondoo hufuata, kavu na rahisi kubeba. Ya ng'ombe ni pole na ina maji mengi. Ya farasi hupata moto haraka lakini huja na mbegu za magugu, kwa kuwa tumbo la farasi halizisagi vizuri.

"Nguvu" hapa si sifa tupu. Samadi yenye nguvu ndiyo pia yenye kuunguza.

4. Kwa nini mimea yangu iliungua baada ya kuweka samadi?

Uliiweka mbichi, au nyingi, au karibu mno na shina. Samadi mbichi hutoa amonia, na amonia hujeruhi mizizi michanga. Juu ya hilo ina chumvi, na chumvi ikizidi kwenye udongo mmea unashindwa kunywa maji hata kama umemwagilia.

Mimi mwenyewe nilishawahi kupoteza kitalu kizima cha nyanya. Nilichukua samadi ya kuku, ya wiki moja hivi, nikaizungushia miche kama mtu anayepamba keki. Siku ya tatu kingo za majani zikawa na rangi ya kahawia, siku ya tano majani yakajikunja, na nilipong'oa mche mmoja mizizi yake ilikuwa myembamba na myeusi kama uzi uliochomwa. Nilikuwa nimemwagilia asubuhi na jioni, nikidhani ni kiu.

Kuna kosa lingine linalofanana na hili kwa sura lakini lenye sababu tofauti. Samadi iliyojaa maranda ikichanganywa na udongo kabla ya kuiva, vijidudu vinavyoozesha mbao huchukua naitrojeni ya udongo kwa kazi yao, na mmea unabaki na njaa. Hapo majani hayaungui; yanakuwa ya njano, kuanzia yale ya chini.

## Kuivisha

5. Samadi huiva kwa muda gani?

Inategemea unalishughulikiaje rundo. Ukiliacha tu, hesabu miezi sita hadi mwaka. Ukiligeuza kila wiki na kulipa maji ya kutosha, miezi miwili hadi mitatu, kisha mwezi mmoja wa kupumzika. Wanaosema wiki mbili wanazungumzia harufu kupungua, na harufu kupungua si kuiva.

Rundo linataka mambo manne. Ukubwa: pungufu ya mita moja kila upande, joto linakimbia. Unyevu: finya konzi moja, yakitoka matone machache kati ya vidole ni sawa, yakichuruzika yamezidi, na konzi ikivunjika kama vumbi maji hayatoshi. Hewa: ndiyo sababu ya kugeuza. Na uwiano wa kaboni na naitrojeni, ambao unafaa uwe sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Samadi ya kuku iko chini sana ya hapo, hivyo iongezee majani makavu au mabua. Ya farasi yenye matandiko mengi huweza kuwa juu ya hapo. Iongezee majani mabichi.

6. Nitajuaje kama joto limetosha kuua vijidudu?

Kipimajoto chenye mkono mrefu ndicho jibu. Asiye nacho achukue nondo, aichomeke hadi katikati ya rundo, aiache dakika kumi, aichomoe na kushika ile ncha. Ukiweza kuishikilia huku ukihesabu hadi ishirini bila wasiwasi, rundo bado. Ukiiachia haraka kama sufuria iliyotoka jikoni, uko karibu na unakotaka. Nondo hata hivyo haisomi nyuzi. Kwa mboga zinazoliwa mbichi nisingeitegemea peke yake.

Kipimo kinachotumika Marekani ni nyuzi 55 za selsiasi au zaidi: siku 3 mfululizo kwa rundo lililofungiwa au linalopulizwa hewa, siku 15 kwa rundo refu la wazi, likigeuzwa angalau mara tano katika siku hizo. Kugeuza ndiko kunakosahaulika. Katikati panaweza kuwa na nyuzi 60 wakati ganda la nje liko vuguvugu, na vijidudu vya ganda la nje vinasubiri tu. Kila unapogeuza, cha nje kiende ndani.

Likipita nyuzi 70, ligeuze upesi. Joto hilo linaua hata vijidudu vinavyokufanyia kazi ya kuozesha.

7. Rundo linanuka, au halipati moto kabisa. Nifanyeje?

Harufu ya amonia inayochoma pua maana yake ni naitrojeni nyingi mno. Ongeza vitu vikavu. Harufu ya yai bovu maana yake ni maji mengi na hewa haba. Geuza na uongeze mabua. Rundo baridi lisilonuka huwa limekauka, au ni dogo, au limekwisha kuiva bila wewe kujua.

Iliyoiva ina rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, inamomonyoka mkononi, inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua, na hairudi kupata moto ukiigeuza na kuimwagilia. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi.

## Kuipeleka shambani

8. Niweke kiasi gani?

Samadi ya ng'ombe, tani 20 kwa hekta ni kiasi cha kawaida. Hiyo ni kilo 2 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo toroli la kilo 50 linatosha mita 25 za mraba. Ya kuku, anza na robo ya hapo.

Hesabu yenyewe inaenda hivi. Tani moja ya samadi ya ng'ombe yenye naitrojeni nusu asilimia ina kilo 5 za naitrojeni. Tani 20 zina kilo 100. Mmea hauzipati zote. Mwaka wa kwanza huachiliwa robo hadi theluthi, yaani kilo 25 hadi 33 hivi, na zinazobaki hutoka kidogokidogo miaka inayofuata. Kwa ya kuku huachiliwa nusu au zaidi mwaka uleule.

Hapa pana mtego. Anayeona naitrojeni haitoshi huongeza samadi, na tena samadi. Lakini samadi ina fosforasi nyingi ukilinganisha na naitrojeni yake, kuliko uwiano ambao mazao yanauhitaji. Ukijaza pengo la naitrojeni kwa samadi peke yake miaka kumi, unalimbikiza fosforasi ambayo mimea haiihitaji na mvua inaipeleka mtoni. Pengo hilo lijaze kwa mikunde au kwa mbolea ya naitrojeni. Kama umeshazidisha, nenda swali la 22.

9. Niiweke lini, na niifukie au niiache juu?

Wiki chache kabla ya kupanda, na uifukie siku hiyohiyo. Amonia ikibaki juu ya udongo, hasa kukiwa na jua na upepo, inapaa angani, na sehemu kubwa ya hasara hutokea siku ya kwanza. Usiimwage mvua kubwa ikinukia, wala kwenye udongo uliojaa maji. Mboji iliyoiva vizuri haina shida hiyo. Unaweza kuiacha juu kama matandazo.

10. Mboga zinazoliwa mbichi: nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna?

Kwa samadi mbichi, kanuni ya kilimo hai ya Marekani ni siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, mfano karoti, saladi, figili na stroberi. Kama haigusi, mfano mahindi au matunda yanayoning'inia juu ya miti, siku 90. Kwa kuwa figili inakomaa kwa mwezi mmoja, hesabu yenyewe inakwambia: samadi mbichi haina nafasi kwenye kitanda cha figili.

Siku hizo hazikuokotwa hewani. Bakteria kama E. coli O157:H7, anayeishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumsumbua, anaweza kukaa udongoni kwa miezi, na kwa binadamu anaweza kuharibu figo. Mboji iliyopita kipimo cha swali la 6 haina muda wa kusubiri.

11. Samadi inaweza kuchafua kisima?

Inaweza, tena polepole na bila rangi wala harufu. Naitrojeni ambayo mmea haukuichukua hugeuka naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Inashuka na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaolindwa hasa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu naitreti nyingi hupunguza uwezo wa damu yao kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki palepale.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 1991, umeweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo yaliyo hatarini. Kwa hesabu ya swali la 8 hiyo ni kama tani 34 za samadi ya ng'ombe. Rundo lenyewe liwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko, na ulifunike wakati wa mvua.

## Tope la majitaka

12. Tope hili lina chakula gani cha mmea?

Likiwa kavu, naitrojeni asilimia 3 hadi 6 hivi, na fosforasi nzuri. Potasiamu ni kidogo sana, kwa sababu potasiamu huyeyuka na kuondoka na maji yaliyosafishwa. Anayetumia tope miaka nenda rudi bila kuongeza potasiamu ataona kingo za majani makuukuu zikikauka, na kama amesoma swali la 4 peke yake atadhani ni kuungua.

Hili si jambo geni. Mji wa Milwaukee huko Marekani umekuwa ukikausha tope lake na kuliuza kama mbolea tangu 1926.

13. Je, ni salama?

Jibu fupi: vijidudu vinaweza kuuawa, kemikali haziwezi. Ukilielewa hilo, mabishano mengi yanapungua.

Vijidudu kwanza. Marekani, kwa kanuni za 1993, hugawa tope katika madaraja. Daraja A limepashwa joto, limekaushwa au limegeuzwa mboji hadi vijidudu havipimiki. Daraja B limepunguzwa tu, kwa hiyo lina masharti: mifugo isichunge siku 30, mazao ambayo sehemu inayoliwa iko juu ya ardhi lakini inagusa udongo, miezi 14, na yale ya chini ya ardhi, miezi 20 hadi 38, kutegemea tope lilikaa juu muda gani kabla ya kufukiwa. Chokaa nayo hutumika: ikipandisha pH (kipimo cha tindikali; namba ikipanda, tindikali inapungua) hadi 12 kwa saa 2 na kubaki 11.5 kwa saa 22 zaidi, tope hutulia na bakteria hupungua sana. Mayai ya minyoo ya tumbo, hasa askarisi, ndiyo yenye roho ngumu. Yanaweza kukaa udongoni miaka.

Kemikali ni habari nyingine. Tope halina siri. Karakana iliyomwaga asidi ya betri, kiwanda cha kuchovya vyuma, mwenye nyumba aliyemwaga rangi kwenye choo, wote wapo ndani yake. Kwa hiyo swali la maana ni nani yuko upande wa juu wa bomba. Tope la mji mdogo usio na viwanda na tope la mji wa viwanda ni vitu viwili tofauti hata kama yamepita mtambo wa aina moja.

14. Metali nzito huingia kwenye mazao?

Baadhi. Risasi hung'ang'ania udongo na haipandi sana. Hatari yake ni vumbi na udongo uliobaki kwenye mboga. Kadmiamu ndiyo ya kuogopwa, maana hupanda hadi kwenye majani bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Mchicha, spinachi na saladi huikusanya kuliko nafaka na matunda. Zinki na shaba zikizidi mmea hudumaa kwanza, kwa hiyo angalau unaonywa.

Tindikali ya udongo inaamua mengi. Udongo wenye pH chini ya 6 huachilia kadmiamu na zinki. Ukiwa karibu na 7 huzishikilia. Anayeweka tope kwenye udongo wenye tindikali bila chokaa anajitafutia balaa. Kanuni za Ulaya za 1986 huruhusu kadmiamu isiyozidi miligramu 20 hadi 40 kwa kilo ya tope kavu, risasi 750 hadi 1,200 na zebaki 16 hadi 25, na nchi nyingi wanachama zimejiwekea viwango vikali zaidi. Kumbuka pia kwamba metali hazioti wala haziozi. Ulichoweka mwaka huu kinajumlishwa na cha mwaka jana.

15. Hizi PFAS zinazosemwa ni nini?

Ni kundi kubwa la kemikali zinazofanya vitu visishike maji wala mafuta: vyombo visivyogandisha, vitambaa, povu la kuzimia moto. Haziozi, hazifi kwa joto la mboji, na baadhi yake huyeyuka kwenye maji na kupanda hadi kwenye majani ya mimea, kisha kwenye maziwa ya ng'ombe aliyeyala. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku tope mashambani mwaka 2022 baada ya wakulima kugundua kwamba ardhi, visima na mifugo yao vilichafuka kutokana na tope lililomwagwa miaka mingi nyuma. Walilipokea kwa nia njema, likiwa halali.

16. Mbona nchi zinapingana? Nyingine zinaruhusu, nyingine zinakataza.

Kwa sababu hatari na faida zote mbili ni za kweli, na kila mmoja anapima kwa mizani yake. Uswisi ilikataza kabisa mwaka 2006. Uholanzi iliweka viwango vikali kiasi kwamba tope lake huchomwa. Uingereza hupeleka sehemu kubwa ya tope lake mashambani. Ujerumani imeamua mitambo mikubwa ianze kurejesha fosforasi kutoka kwenye tope au majivu yake kuanzia 2029, kwa sababu fosforasi huchimbwa kwenye miamba ya nchi chache, na kuifukia jalalani ni upotevu.

Maoni yangu, kwa atakayeyataka: tope lenye vipimo vizuri liende kwenye miti, malisho yanayokatwa, mazao ya nyuzi kama katani, na nafaka. Bustani ya mboga za majani ya nyumbani nisingelipa hata koleo moja.

17. Niulize nini kabla ya kupokea lori la tope?

Omba karatasi ya vipimo vya shehena hiyohiyo, ya mwaka uliopita haitoshi. Iwe na naitrojeni, fosforasi, pH, kadmiamu, risasi, zebaki, zinki, shaba, nikeli na kromu, pamoja na mayai ya minyoo na bakteria. Uliza viwanda gani vinamwaga kwenye bomba hilo, na kama PFAS zimepimwa. Uliza limetibiwa namna gani. Kisha pima udongo wako kabla lori halijaingia, uiweke karatasi hiyo mahali salama. Bila hiyo, baadaye hutaweza kuonyesha uchafu ulitoka wapi.

Anayekujibu "wengine wote wanachukua" hajakujibu.

## Yasiyo ya kawaida

18. Yaliyomo kwenye choo cha shimo yanaweza kutumika?

Yanaweza baada ya muda. Shimo lifungwe bila kuongezwa kitu kipya: mahali pa joto, zaidi ya mwaka mmoja, mahali pa baridi, mwaka na nusu hadi miwili. Majivu husaidia kwa kukausha na kupandisha pH. Hesabu huanza siku ya mwisho shimo lilipotumika, na watu hupenda kuanza kuhesabu mapema. Hata hapo, liende kwenye miti au mazao yanayopikwa, na anayechimba avae buti na glavu.

Mkojo uliotengwa ni rahisi zaidi. Mtu mzima hutoa karibu lita 500 kwa mwaka, zenye naitrojeni kuliko kinyesi chake. Uhifadhi kwenye chombo kilichofungwa. Kama umetoka kwa watu wengi, miezi 6 kwenye nyuzi 20 au zaidi. Uchanganye na maji mara tatu hadi kumi ya kiasi chake, umwage udongoni badala ya majanini, na uache mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

19. Tope la mtambo wa biogesi limeshaiva?

Halijaiva kwa maana ya swali la 6. Mitambo mingi hufanya kazi kwenye nyuzi 35 hivi, joto linalopunguza bakteria lakini linaloacha mayai ya minyoo hai. Naitrojeni yake ipo tayari kama amonia, kwa hiyo inafanya kazi haraka na kupotea haraka. Lifukie.

20. Samadi ya mbwa, paka au nguruwe?

Ya mbwa na paka, hapana. Vimelea vyao huambukiza binadamu na rundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha. Ya nguruwe inafaa ikipita kipimo cha swali la 6 kikamilifu, ila angalia shaba na zinki, ambazo huongezwa kwenye chakula cha nguruwe na kuishia kwenye samadi.

21. Maharage yangu yamepinda majani baada ya kuweka samadi iliyoiva kabisa. Kulikoni?

Shuku dawa ya magugu. Kuna dawa za kuua magugu ya malisho, aminopiralidi na klopiralidi miongoni mwao, ambazo mnyama huzila kwenye nyasi, zikapita tumboni bila kuvunjika, zikakaa kwenye samadi na hata kwenye mboji. Uingereza mwaka 2008 uuzaji wa dawa zenye aminopiralidi ulisitishwa kwa muda baada ya wenye bustani kuona nyanya na viazi vyao vimejikunja.

Kabla ya kueneza samadi usiyoijua, jaza vikombe vitatu mchanganyiko wa samadi na udongo nusu kwa nusu, vingine vitatu udongo mtupu. Panda maharage kwenye vyote. Baada ya wiki tatu au nne tazama majani yanayochipuka juu: yakiwa membamba, yamejikunja kama kikombe au yamepinda mfano wa jani changa la kangaga, na ya udongo mtupu yako sawa, samadi hiyo iende kwenye malisho ya nyasi na isikaribie mboga. Nafaka na nyasi hazidhuriki.

22. Nimeshaweka nyingi mno miaka mingi. Nifanyeje?

Acha kuongeza, pima udongo, na uanze kutoa. Panda mazao yanayokula sana, uvune na kuondoa hata mabua badala ya kuyarudisha. Naitrojeni itashuka ndani ya msimu mmoja au miwili. Chumvi zitashuka na mvua kama maji hayatuami. Fosforasi itachukua miaka, kwa hiyo acha ukanda wa nyasi upande wa chini wa shamba ili udongo unaosombwa unaswe kabla ya kufika mtoni. Metali hazitashuka, hapo kilichobaki ni chokaa ya kushikilia pH na kubadilisha mazao.

23. Je, naweza kuingia kwenye shimo la samadi ya maji kuzibua bomba?

Usiingie, hata kwa dakika moja, hata likionekana limebaki nusu. Samadi ya maji ikikorogwa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka yai bovu mwanzoni, kisha inaua uwezo wa pua kuinusa, hivyo mtu hudhani imeisha. Mara nyingi hawi mmoja anayekufa: wa pili hufa akimfuata wa kwanza. Ukimwona mwenzako ameanguka ndani, baki nje, zima mashine ya kukoroga, na uite wenye vifaa vya kupumulia.